Krimu ya Chunusi: Ijue Ngozi Yako, Kisha Soma Tyubu

Osha uso kwa sabuni isiyo kali, jifute, kaa saa moja bila kupaka chochote. Kisha bandika vipande vya tishu kwenye paji, pua na mashavu. Vikilowa mafuta vyote, ngozi yako ni ya mafuta. Vikilowa vya paji na pua tu, ni mchanganyiko. Vikitoka vikavu na uso unavuta, ni kavu. Ngozi inayochonyota kwa karibu kila kipodozi ni nyeti, hata ikiwa na mafuta.

Ngozi ya mafuta hupatana na jeli, na ya mchanganyiko hupatana na losheni nyepesi. Kavu na nyeti zinataka krimu, kwa sababu jeli nyingi zina alkoholi inayozidi kukausha.

Sasa geuza tyubu usome dawa iliyomo na asilimia yake. Maneno ya mbele ni ya biashara. Kwa vipele vidogo vyeusi au vyeupe vilivyoziba vinyweleo, tafuta adapalini 0.1%, au asidi ya salisili 0.5 hadi 2% kama ngozi ni ya mafuta. Kwa chunusi zilizovimba au zenye usaha, tafuta benzoili peroksaidi, na uanze na 2.5%. Wengi hukimbilia 10% wakidhani watapona haraka. Nguvu ya 2.5% kwenye chunusi inakaribiana nayo, ila haiunguzi kiasi hicho, na kwenye ngozi nyeusi muunguzo huweza kuacha doa linaloweza kukaa miezi baada ya chunusi kuisha. Dawa hii pia hubabua rangi ya foronya, taulo na mitandio, kwa hiyo lalia foronya nyeupe.

Mwenye ngozi nyeti na madoa meusi aulizie asidi ya azelaiki ya 15 au 20%. Ni ya taratibu, lakini inashughulikia chunusi na madoa pamoja, na mjamzito anaweza kuitumia. Adapalini na tretinoini, dawa ya jamii moja nayo, mjamzito asiziguse.

Jaribu kwanza chini ya taya, usiku tatu. Ngozi ikitulia, subiri uso ukauke kabisa baada ya kuosha, kisha chukua kiasi cha punje ya njegere: kinatosha uso mzima. Usipake kipele kimoja kimoja, kwani kazi mojawapo ya dawa ni kuzuia vile ambavyo havijatokeza. Ruka macho, pembe za pua na midomo. Adapalini ianze usiku mbili au tatu kwa wiki. Mwenye ngozi kavu atangulize losheni ya kulainisha isiyoziba vinyweleo. Asubuhi paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Vipele vikiongezeka kidogo wiki za mwanzo usiitupe. Matokeo hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12.

Krimu inayosafisha uso ndani ya siku chache itilie shaka. Mara nyingi ina steroidi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe: klobetasoli au betamethasoni, ambazo madukani huuzwa pia kwa wanaotaka kujichubua. Uvimbe hushuka na uso hung'aa, kisha ngozi hukonda, mishipa huonekana, na ukiacha chunusi hurudi kwa kishindo. Ikiwa umeitumia kwa wiki nyingi, mwone daktari akuelekeze namna ya kuiacha. Kopo lisiloorodhesha viambato lirudishe. Huenda lina zebaki au haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya.

Vipele vya paji peke yake huweza kutokana na mafuta ya nywele. Vinavyowasha na kulingana ukubwa, hasa kifuani na mgongoni, huenda ni kuvu, na hapo krimu za chunusi hazisaidii. Vinundu vikubwa vinavyouma na kuacha makovu vinahitaji daktari wa ngozi, na mara nyingi vidonge, si tyubu peke yake.