Mtawa wa Kivuli: kumtengeneza mpiganaji anayejua kunyata kwa mchezo wa mezani

Wachezaji wengi wakitaka mpiganaji wa mikono mitupu apitaye gizani huanza na ngumi. Wanajaza karatasi vizuri, wanampa jina la kutisha, halafu kwenye kona ya kwanza mlinzi anamwona na kupiga kelele. Mhusika huyu anaendeshwa na mambo mawili: mwanga ulipo, na pointi za ki (nguvu ya ndani inayolipia mbinu zake) zilizobaki. Ngumi ni za mwisho.

Hapa tunazungumzia Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014, fani ya Monk, ambayo tutaiita Mtawa, kwenye Njia ya Kivuli. Mji wa mfano ni Lamu yenyewe. Vichochoro vinavyopinda, wikio zinazounganisha nyumba mbili juu ya njia, madaka yenye mabaraza na madari bapa: huyu mhusika ni kama aliandikiwa mji huu. Ukiwa msimamizi wa mchezo, badilisha jina la mji, uongeze majini na wachawi, ramani uiache ilivyo.

Kanuni za bure zilizotolewa kwa leseni ya Creative Commons mwaka 2023 zina Mtawa, lakini njia iliyomo humo ni moja tu, ile ya Mkono Wazi. Kivuli kimo kwenye kitabu cha wachezaji cha 2014, kwa hiyo ulizia kwanza nani mezani anacho. Dadu utakazozitumia sana ni za pande 20, 8, 6 na 4, na ile ya 10 kwa kudaka mishale. Usipokuwa nazo, programu ya simu inatosha.

Uwezo

Karatasi nyingi ziko kwa Kiingereza: Wepesi ni DEX, Hekima ni WIS, Ustahimilivu ni CON, Nguvu ni STR. Kwa mfumo wa kununua alama za uwezo kwa pointi 27, alama ya 15 inagharimu pointi 9, 14 ni 7, 12 ni 4, 10 ni 2, na 8 ni bure.

Ukichagua binadamu, mchukue yule anayeongeza 1 kwenye uwezo wa aina mbili na kupewa kipaji kimoja tangu mwanzo. Nunua Wepesi 15, Hekima 15, Ustahimilivu 14, Nguvu 10, Akili 8 na Mvuto 8. Nyongeza ikishaingia unapata Wepesi 16 na Hekima 16, kila moja ikitoa +3. Kinga yako, namba ambayo adui lazima aifikie ili akupige, ni 10 kujumlisha 3 ya Wepesi na 3 ya Hekima, yaani 16 bila kuvaa chochote. Pointi za uhai ni 10. Kipaji kinachomfaa ni Mobile: kinaongeza mwendo futi 10, na uliyemshambulia hawezi kukupiga ukiondoka, hata kama pigo lako lilimkosa.

Ukimtaka elfi wa msituni, anakuja na +2 ya Wepesi na +1 ya Hekima. Hapo nunua Wepesi 14 tu, upeleke pointi 2 zilizobaki kwenye Nguvu ifike 12. Wepesi 17 unakupa +3 ileile ya 16, na utaulipia mapema bure. Elfi ana macho ya gizani tangu kuzaliwa, futi 60, na mwendo wa futi 35. Kwa Njia ya Kivuli tunampendelea yeye. Sababu itaonekana tukifika kwenye kuruka kivuli hadi kivuli, ngazi ya 6.

Usishushe Nguvu hadi 8. Umbali wa kuruka kwa mbio ni futi sawa na alama ya Nguvu, ukitanguliza futi 10 za kukimbia. Ukisimama ni nusu. Mwenye Nguvu 10 anavuka futi 10, na vichochoro vingi vya mji wa mawe ni vyembamba kuliko hapo. Kwa hiyo dari hadi dari ni njia yako, na walinzi wabaki na ile ya chini. Mwenye 8 atategemea huruma ya msimamizi.

Mvuto 8 nao una adabu yake. Wazee wa barazani hawahitaji dadu kumjua mgeni. Wanamtambua kwa mwendo. Mchana mwache mwenzako mwenye maneno aamkie watu na kujibu maswali, wewe beba mzigo, inamisha kichwa, pita.

Asili, ujuzi na silaha

Ujuzi wa Kunyata upo kwenye orodha ya Mtawa, lakini usiupotezee nafasi hapo. Uchukue kwenye asili ya mtoto wa mtaani, ile iitwayo Urchin, inayokupa Kunyata, wepesi wa mkono na vifaa vya kufungulia kufuli. Nafasi mbili za fani zibaki kwa Sarakasi (Acrobatics) na Utambuzi (Insight).

Silaha kuu iwe fimbo. Ukiishika kwa mikono miwili unarusha dadu ya pande 8, na Mtawa anaruhusiwa kutumia Wepesi badala ya Nguvu. Baada ya pigo la fimbo unaongeza ngumi au teke kama tendo la ziada (lile moja dogo la kila zamu, juu ya tendo kuu), dadu ya pande 4 hadi ngazi ya 5, ndipo inakuwa ya pande 6. Kwa historia ya mhusika huna haja ya kwenda mbali: aliyekulia kwenye kirumbizi, akijibu fimbo kwa fimbo huku zumari na ngoma zinalia, ameshajua kusoma bega la mwenzake. Mpe mwalimu mmoja na deni moja kwa mwalimu huyo, inatosha. Kurasa tatu za historia hazisomwi na mtu.

Vazi la kivita usivae, ngao usishike. Ukivaa hata ngozi nyepesi unapoteza kinga ya Hekima, mwendo wa ziada na pigo la ziada kwa pamoja.

Hesabu ya kunyata

Aliye kazini bila kukutafuta ana Uangalifu tulivu, namba isiyorushiwa dadu. Mlinzi wa kawaida kwenye kanuni ni 12. Paka ni 13, tena ana pua kali, kwa hiyo kwa paka wote walioko mjini humu, msimamizi mkorofi anaweza kukuumbua bila kuweka mlinzi hata mmoja.

Ngazi ya 3 una +5 ya Kunyata: 3 za Wepesi na 2 za umahiri, yaani nyongeza ya kuwa na ujuzi huo. Dhidi ya 12 unahitaji dadu ionyeshe 7 au zaidi, yaani asilimia 70. Si mbaya, lakini ukipita walinzi watatu mbalimbali kwa kurusha kila mara, nafasi ya kupita wote inashuka hadi kama asilimia 34. Hapo ndipo watu wanalaumu dadu, na kosa ni la mpango. Mwanga hafifu unashusha Uangalifu tulivu wa kuona kwa 5, kwa hiyo mlinzi asiye na macho ya gizani anabaki na 7, nawe unahitaji 2 tu. Kabla ya kurusha, muulize msimamizi: taa iko wapi, ya aina gani, na nani anaona gizani? Mwenye macho ya gizani huuona mwanga hafifu kama mwanga kamili.

Kosa kubwa mezani ni kudhani Mtawa anaweza kujificha kwa tendo la ziada. Hawezi, huyo ni Rogue, fani ya mwizi mjanja, wa ngazi ya 2. Mtawa akijificha katikati ya pigano anatumia tendo lake zima, na mara nyingi halimlipi. Jifiche kabla ya pigano.

Ki ngazi ya 3

Ngazi ya 3 una pointi 3 za ki, na kila uchawi wa kivuli (Kupita Bila Alama, Ukimya, Giza na Macho ya Gizani) unakula 2. Maana yake ni uchawi mmoja na mapigo ya haraka mara moja, basi, mpaka mapumziko mafupi ya saa moja yenye angalau nusu saa ya kutafakari.

Kupita Bila Alama, Pass without Trace kwenye kitabu, ndio wa kwanza kuujua. Unadumu hadi saa moja na unaongeza 10 ya Kunyata kwako na kwa wenzako walio ndani ya futi 30. Wewe unakuwa na +15. Hata ukirusha 1 unampita mlinzi wa 12. Faida kubwa zaidi ni kwa mwenzako aliyevaa chuma. Yule asiye na Wepesi, anayerusha dadu mbili na kuchukua ndogo, alikuwa na asilimia 20 ya kupita. Sasa ana 90. Ila uchawi huu una maneno ya kutamkwa, kwa hiyo usiuanzishe mlangoni pa mtu. Uanzishe vichochoro viwili nyuma, kisha mwende.

Ukimya unafunika duara la nusu kipenyo cha futi 20 kwa dakika 10. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba vyembamba, kwa sababu upana wake umefungwa na urefu wa boriti za mikoko, mita tatu hivi au pungufu. Ukiweka Ukimya katikati ya chumba unazima na vyumba vya pande zote mbili. Vunja kufuli, angusha kabati, hakuna anayesikia nje, na mchawi aliyemo ndani hawezi kutamka kitu. Lakini atatoka nje ya duara kwa miguu yake kama hakuna wa kumzuia mlangoni. Mweke pale yule mwenye chuma.

Giza linaharibiwa na wachezaji wengi. Kwa kanuni za 2014 wewe mwenyewe huoni ndani yake, macho ya gizani au la. Usijifungie humo ukadhani utapiga watu. Liweke kwenye mdomo wa kichochoro kati yako na wapiga mishale, ukimbie.

Macho ya Gizani yanadumu saa 8 bila kushikilia makini, yaani bila kufunga akili kwenye uchawi mmoja tu. Binadamu ayaweke jioni, apumzike saa moja ki irudi, aingie kazini na saa 7 za kuona. Hizo nyingine tatu zote zinahitaji makini, kwa hiyo huwezi kuwa na Ukimya na Kupita Bila Alama kwa pamoja. Ukipigwa, jaribio la Ustahimilivu ndilo linaamua kama makini yanabaki, na ndiyo maana tuliweka 14.

Kiini macho kidogo unapewa bila kulipia ki, na hakina maneno ya kutamka. Kitumie kwa sauti ya kuvuta mlinzi. Usitumie mlio wa punda. Lamu nani atainuka kwa ajili ya punda? Sufuria iliyoanguka jikoni inamwinua mtu yeyote.

Ngazi ya 4 ongeza Wepesi kwa 2. Pia unaanza kupunguza madhara ya kuanguka kwa mara tano ya ngazi yako, yaani 20. Kuanguka futi 30 kunaumiza dadu tatu za pande 6, na zikijaa zote ni 18. Kwa hiyo dari la futi 30 unalishuka kwa kudondoka, mradi tendo lako la kujibu hujalitumia kudaka mshale.

Ngazi ya 6: kuruka kivuli hadi kivuli

Sasa mhusika amekamilika. Kwa tendo la ziada unatoka kwenye mwanga hafifu au giza na kutokea kwenye kivuli kingine hadi futi 60, bila ki, na pigo la kwanza la karibu katika zamu hiyo linarushwa kwa dadu mbili ukichukua kubwa. Masharti mawili husahaulika. Lazima upaone unapokwenda, ndiyo maana binadamu asiye na macho ya gizani anasimama kwenye giza totoro kama kipofu. Na vichochoro vinapinda, kwa hiyo futi 60 za kitabuni mara nyingi ni futi 25 za kweli mpaka kona. Lakini wikio zina kivuli hata saa sita mchana. Msimamizi akikubali kwamba chini yake ni mwanga hafifu, unaweza kuruka mchana kweupe kutoka wikio moja hadi nyingine unayoiona.

Tazama zamu moja. Mlinzi amekaa dakani na taa ya mafuta, inayoangaza kikamilifu futi 15 na hafifu futi 30 zaidi. Huwezi kutokea ubavuni mwake, kwa kuwa pale ni kweupe. Unatoka chini ya wikio na kutokea futi 20 kutoka kwake, kwenye ukingo hafifu. Mwendo wako ni angalau futi 45, unazitumia 15 kumfikia. Pigo la kwanza ni +7 dhidi ya kinga 16: asilimia 60 kwa kawaida, 84 kwa dadu mbili. Likipata, lipa ki 1 kumpumbaza. Lazima arushe jumla ya 14 akiwa na +1 tu, kwa hiyo mara 60 katika 100 anashindwa. Aliyepumbazwa anaweza tu kugugumia, hapigi kelele za kueleweka, na pigo lako la pili nalo linapata dadu mbili. Mapigo mawili ya fimbo yana wastani wa 17, naye ana uhai 11. Usitafute mapigo ya ziada ya ki kwenye zamu hii. Tendo la ziada umeshalitumia kuruka.

Kumpumbaza usikupoteze kwa majitu yenye Ustahimilivu mkubwa. Wawekee wachawi na wapiga mishale.

Kuhusu kuchanganya na Rogue ili upate kujificha kwa tendo la ziada: subiri hadi baada ya ngazi ya 6, na kumbuka pigo lake la kuvizia linataka silaha ya aina iitwayo finesse, kama upanga mfupi, au ya kupiga kutoka mbali. Fimbo na ngumi hazihesabiwi.

Meza ikitumia kanuni za 2024, mengi hapa yanabadilika: ki imepewa jina jingine, Giza linakula pointi 1 nawe unaona ndani yake, lakini Kupita Bila Alama hakumo tena, na kujificha kunataka angalau 15. Kwa kundi lenye mtu wa chuma, bado tungechagua 2014.