Kufunga na Kurekebisha Kabureta ya Zamani katika Gari la Kale

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini, hulaumiwa kwa makosa mengi ambayo si yake. Gari la kale linapokosa nguvu, linapotoa moshi mweusi au linapozimika kila likisimama, mwenye gari hukimbilia bisibisi na kuzungusha skrubu ya kwanza anayoiona, ilhali mara nyingi chanzo ni pointi (viunganishi vya umeme wa cheche) zilizoungua, valvu zilizobana au taimingi (wakati wa kutoa cheche) iliyosogea. Kwa hiyo kazi ianzie mbali na kabureta: pima mgandamizo wa kila silinda, rekebisha nafasi za valvu, badilisha pointi ikiwa zimechakaa, weka mwanya wa plagi kama alivyoelekeza mtengenezaji, kisha weka taimingi. Mfuatano huo usipinduliwe, kwa sababu taimingi ikiguswa baadaye, mzunguko wa injini hubadilika na marekebisho yote ya kabureta huharibika.

Kabla ya kuifunga kabureta, ikague ikiwa mezani. Shika mhimili wa kilango cha akseleta, yaani kile kinachofunguka pedali ikikanyagwa, na uutikise juu na chini. Ukicheza kwa kiasi kinachoonekana, hewa isiyopimwa itapita pembeni mwake na hakuna skrubu itakayoweza kutuliza silensa, yaani mzunguko wa injini akseleta isipokanyagwa. Tundu lililolika hutobolewa upya na kuwekewa bushi, kazi ambayo inafaa kupelekwa kwa mwenye mashine sahihi. Uso wa kabureta unaokaa kwenye manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda) uwekwe juu ya kipande cha kioo kilichonyooka, kwa kuwa kabureta nyingi za zamani zimepinda baada ya miaka mingi ya kukazwa kupita kiasi. Floti ya shaba, yaani boya linalodhibiti kimo cha petroli ndani ya kabureta, itikiswe karibu na sikio: ikisikika petroli ndani, imetoboka. Tundu hupatikana kwa kuizamisha katika maji ya moto na kutazama mapovu yanapotokea, lakini floti isiguswe kwa moto wa kulehemu kabla petroli na mvuke wake havijatoka kabisa, kwa maana inaweza kulipuka mkononi.

Jeti, yaani vipande vyenye tundu dogo linalopima petroli, husafishwa kwa kiyeyushi na hewa ya kompresa, na kamwe si kwa waya. Katika kabureta za Solex na Weber, nambari iliyochongwa kwenye jeti kuu ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani jeti ya 120 ina tundu la milimita 1.20, na mkwaruzo mdogo wa waya hutosha kuifanya ile nambari iwe uongo. Andika nambari zote unapofungua, kwani kabureta iliyopita mikononi mwa mafundi wengi huwa na jeti ambazo mtengenezaji hakuziweka. Gasketi, diaframu na sindano ya floti zibadilishwe zote, na uchague zinazostahimili ethanoli, kwa sababu petroli ya leo iliyochanganywa na ethanoli huharibu mpira na gasketi za aina ya zamani. Kimo cha floti kipimwe kwa rula kulingana na mwongozo wa kabureta yenyewe. Kikizidi, petroli hufurika na injini hulewa mafuta. Kikipungua, gari hukosa pumzi linapopanda mlima.

Kufunga kwenyewe hakuna mengi. Futa mabaki ya gasketi ya zamani huku umeziba mlango wa manifoldi kwa kitambaa safi, weka gasketi mpya pande zote mbili za kitenganishi cha joto ikiwa gari lina kitenganishi hicho, kisha kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, bila kutumia nguvu nyingi, maana mwili wa kabureta ni wa aloi ya zinki au alumini na masikio yake huvunjika upesi. Unganisha kebo au fimbo ya akseleta, mwombe mtu akanyage pedali hadi mwisho, na utazame kama kilango kinafunguka chote, kisha kama springi inakirudisha chenyewe hadi kufunga. Hakikisha pia kuwa choki (kilango kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini baridi) ikirudishwa hufunguka kabisa, kwa sababu choki iliyobaki nusu hufanana sana na kabureta mbovu. Kichujio kipya cha petroli kiwekwe kabla ya kabureta. Fanya kazi hii mahali penye hewa, betri ikiwa imetenganishwa na kizima moto kikiwa karibu, na usiwashe injini kabla ya kukagua kila kiungo cha mpira wa petroli kama kinavuja.

Sasa washa injini na uiache ipate joto lake la kawaida kabisa, choki ikiwa imefunguliwa. Kabureta iliyorekebishwa kwenye injini baridi itahitaji kurekebishwa tena. Nyunyizia maji kidogo kuzunguka gasketi za kabureta na manifoldi. Mlio wa injini ukibadilika, hewa inavuja hapo, na hakuna maana ya kuendelea kabla ya kuziba.

Kwa kabureta zenye jeti zisizobadilika, kama Solex, Zenith na Weber, kuna skrubu mbili za kushughulikia: moja husukuma kilango na kupanga kasi ya silensa, nyingine hupanga mchanganyiko. Ifunge ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse tu, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu kama mahali pa kuanzia. Hapa wengi hupotea, kwa kuwa skrubu ya mchanganyiko iliyo karibu na kilango huongeza mafuta ikifunguliwa, lakini katika kabureta kadhaa za zamani skrubu hiyo hupima hewa pekee, nayo hupunguza ukali wa mafuta ikifunguliwa. Tambua uliyo nayo kwanza. Izungushe robo kwa robo, ukisubiri injini itulie kila mara, hadi upate mzunguko wa juu kuliko yote. Kisha punguza kasi kwa skrubu ya kilango na urudie. Kipimo cha ombwe kilichounganishwa kwenye manifoldi husaidia sana: injini nyingi zenye afya, zikiwa usawa wa bahari, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki, sindano ikiwa imetulia.

Kabureta za SU, zilizobuniwa Uingereza na ndugu wa ukoo wa Skinner mwanzoni mwa karne ya 20, hufuata njia nyingine, kwa kuwa zina jeti moja na sindano inayopanda na kushuka pamoja na pistoni kadiri hewa inavyovutwa. Tia oili nyepesi, kama SAE 20, kwenye kizuizi cha juu kinachopunguza kasi ya pistoni, inua pistoni kwa kidole na uiachie: inapaswa kushuka bila kukwama na kugonga kwa mlio unaosikika. Injini ikiwa katika silensa, inua pistoni kwa takriban milimita moja. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi, nawe pandisha jeti. Injini ikitaka kuzimika papo hapo, mafuta ni machache, nawe ishushe. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, uko mahali sahihi. Kabureta zikiwa mbili, linganisha kwanza hewa inayoingia kila moja kwa kusikiliza mvumo wake kupitia kipande cha bomba la mpira, ndipo ushike jeti.

Silensa nzuri haithibitishi jeti kuu. Endesha gari kwa mwendo wa kutosha, zima injini likiwa bado linakwenda, gia ikiwa huru, lisimamishe mahali salama pasipo magari mengine, kisha fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu inafaa, masizi makavu meusi ni mafuta mengi, na weupe wenye malengelenge ni mafuta machache, hali ambayo isivumiliwe kwa sababu huunguza valvu na pistoni. Badilisha jeti kwa hatua moja tu, ujaribu tena, na usiguse kitu kingine katika jaribio hilo. Anayeendesha nyanda za juu atarajie kuhitaji jeti ndogo zaidi, kwani hewa huko ni nyepesi na mafuta yaleyale huwa mengi kwake. Injini ikishapata joto na kupoa mara chache, zikaze tena nati za kabureta, kwa sababu gasketi mpya hushuka.