Namna ya kulifanya gari la kawaida lishike barabara bila kulibadilisha sura

Gari la familia kutoka Japani, mathalani Toyota Premio au Allion inayovutwa na magurudumu ya mbele, halikuundwa kwa ajili ya mashindano, lakini lilipotoka kiwandani lilikuwa likikata kona kwa utulivu kuliko wamiliki wake wengi wa leo wanavyodhani. Linapofika mikononi mwetu limekwisha kutumika miaka mingi, raba zake zimekauka, shokapu zimechoka, na pengine kila tairi ni la aina yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulirudisha lilivyokuwa. Mabadiliko yenyewe huja baadaye, nayo ni machache, na yote hukaa chini ya bodi ambako mpita njia hayaoni.

Anza na upepo wa matairi, kwa kuwa haugharimu chochote. Kibao kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva huonyesha kiwango kwa kPa, kipimo cha mgandamizo wa upepo, na 220 kPa ni sawa na takriban 32 psi, kipimo kinachotumiwa na wajazaji wengi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, tena kwa kipimo chako mwenyewe, kwa sababu wajazaji wengi wa kando ya barabara hukisia na huzidisha. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga lami kwa katikati tu, na lililopungua upepo hupinda ubavu kwenye kona, hivyo usukani huchelewa kuitikia.

Baada ya hapo chungulia springi. Magari mengi ya huku kwetu yamenyanyuliwa kwa spesa, yaani vipande vinavyowekwa kwenye springi kuongeza kimo, ili yasikwaruze tumbo kwenye matuta. Ninaelewa sababu yake, hasa kwa anayeishi kwenye barabara ya vumbi, lakini gari lililonyanyuliwa hulala zaidi kwenye kona, ekseli zake hufanya kazi kwa pembe isiyo yake, na vipimo vya magurudumu huhama. Kama njia zako nyingi ni za lami, ziondoe spesa hizo. Usishawishike pia kwenda upande wa pili na kulishusha gari kwa springi fupi, kwani mbali na kubadilisha sura yake, mfumo wa mbele wa aina hii ukishushwa mno huweza kulifanya gari lielemee kona zaidi ya awali, na matuta yatakumalizia chesisi.

Bushi, yaani raba za maungio, za mikono ya chini ya mbele inayoshika magurudumu ndizo zinazostahili uangalifu mkubwa kuliko vyote, ingawa ndizo zinazopuuzwa zaidi. Raba ikishapasuka, gurudumu husogea mbele na nyuma kila unapokanyaga breki, na dereva huanza kuulaumu usukani usio na kosa. Mwombe fundi alinyanyue gari, aweke chuma cha kukwanyulia kati ya mkono na fremu, asukume taratibu nawe ukitazama: mchezo mdogo wa raba ni wa kawaida, lakini ukiona ufa unafunguka, bushi imekwisha. Wakati wa kufunga mpya, boliti za bushi hizo zishikizwe kwa wepesi tu gari likiwa juu, kisha zikazwe kikamilifu gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, raba huwa imekwisha kusokotwa hata kabla ya safari ya kwanza, na itachanika mapema mno. Jambo hili huchukua dakika chache tu, lakini mafundi wengi huliruka, kwa hiyo usiondoke gereji mpaka ulione likifanyika. Kagua papo hapo boljointi (kiungo cha mpira kinachoshika gurudumu kwenye mkono), ncha za tairodi (fito za usukani) na linki za stabilaiza, chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona.

Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia kwa pamoja, pamoja na maunti za juu na raba za kuzuia kugonga. Nyingine hutengenezwa kwa springi na kimo cha kiwandani lakini zikiwa ngumu kiasi kuliko zile za awali. KYB New SR Special ni mfano unaofahamika. Hizo ndizo zinazofaa hapa, kwani zinapunguza kuyumba bila kulifanya gari lirukeruke kama mkokoteni. Nunua mahali unapoweza kurudisha, maana bandia ni nyingi. Springi ya mbele haifunguliwi bila kibanio maalumu kilicho kizima, kwa kuwa ikifyatuka inaweza kuua.

Matairi ndiyo pekee yanayogusa barabara, na ninge­shauri fedha zilizobaki ziende huko kabla ya kitu kingine chochote. Manne ya aina moja, yenye kashata (vinundu vya uso wa tairi) za kutosha na yaliyotengenezwa karibuni, yanaleta tofauti kubwa kuliko rimu za bei ghali. Tarehe husomwa ubavuni katika tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama gari lako linatumia 195/65R15, unaweza kupanda hadi 205/60R15 juu ya rimu ile ile ya inchi 15. Kipenyo hushuka kutoka takriban milimita 634 hadi 627, yaani asilimia 1 hivi, ubavu unakuwa mfupi na mgumu zaidi, na jicho la kawaida halitagundua. Hakikisha namba ya uwezo wa kubeba mzigo haipungui ile ya awali.

Wili alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, hufanywa sasa, wala si kabla. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwa mbele, magurudumu yaelekee mbele karibu sambamba, na mlalo (camber, yaani gurudumu linavyoegemea ndani au nje kwa juu) wa upande mmoja ulingane na wa pili. Ukitaka kona kali zaidi, Toyota nyingi zinaruhusu mlalo huo kurekebishwa kwa boliti nyembamba kidogo pale shokapu inaposhikana na kitovu cha gurudumu, na kiasi kisichozidi digrii 1 kwa ndani kinatosha. Zaidi ya hapo utakula matairi upande wa ndani.

Kuhusu breki, pedi bora na mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 badala ya DOT 3 yaliyokaa miaka vinatosha, hasa kwa anayeteremka mlima mkali wa Kitonga kule Iringa akiwa na abiria na mizigo.

Mwisho kabisa ndipo unapofikiria stabilaiza nene ya nyuma. Ugumu wa chuma hicho huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo kutoka milimita 20 hadi 22 ni nyongeza ya takriban asilimia 46. Gari la kuvutwa mbele ambalo pua yake hukataa kuingia kwenye kona litatii zaidi, ila nyuma itakuwa nyepesi kuteleza wakati wa mvua. Ijulishe kampuni yako ya bima, kisha ujaribu kwa mwendo mdogo kwenye uwanja mpana, mtupu na uliolowa. Nyuma ikianza kukimbia kabla ya mbele, rudisha stabilaiza ya zamani.