Maji Kiasi Gani kwa Dawa ya Kupe?

Katika wilaya za ufugaji za Ankole, kusini magharibi mwa Uganda, kama vile Kiruhura na Mbarara, kupe wamekuwa sugu kwa baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe, na sababu mojawapo ni dawa iliyozidishiwa maji. Mchanganyiko mwepesi huua kupe dhaifu na kuwabakiza wale wanaoustahimili, ambao ndio wanaoendelea kuzaana, hadi siku mfugaji anapoilaumu dawa ilhali kosa lilianzia kwenye jerikeni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gawanya nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye lebo kwa nguvu unayoihitaji. Kwa mfano, amitrazi ya asilimia 12.5 kwa kawaida hunyunyizwa ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 0.025, ukigawanya utapata 500. Maana yake ni kwamba kila mililita 1 ya dawa hutoa mililita 500 za mchanganyiko uliokamilika. Kwa bomba la mgongoni la lita 20, yaani mililita 20,000, dawa ni mililita 40 na maji ni mililita 19,960.

Hapo tofauti kati ya maji na mchanganyiko ni ndogo mno, ndiyo maana wengi huipuuza. Lakini tazama klorini ya asilimia 3.5 unayotaka kuipunguza hadi asilimia 0.5 kwa ajili ya sakafu ya zizi (ambayo lazima kwanza ioshwe, kwa kuwa kinyesi huivunja nguvu klorini). Jibu la kugawanya ni 7, hivyo lita 1 hutoa lita 7 za mchanganyiko, na maji yanayohitajika ni lita 6. Anayetia lita 7 za maji hupata lita 8 zenye nguvu pungufu ya ile aliyoikusudia.

Kwa kupima dawa, kizibo cha chupa hakifai, kwani vizibo havilingani. Tumia sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, uijaze mara mbili, na uitenge kwa kazi hiyo pekee. Jerikeni nayo, ikijazwa hadi mdomoni, hubeba zaidi ya lita 20. Tumia chombo chenye mistari ya vipimo. Ukiwa umevaa glavu, tia maji hadi nusu, mimina dawa, koroga, kisha ongeza maji hadi mstari wa lita 20, na hapo hutalazimika kutoa chochote katika hesabu.

Iwapo chupani zimebaki mililita 15 tu, zidisha kwa 500: una lita 7.5 za mchanganyiko, si bomba zima. Ikiwa kiasi hicho hakitoshi kuwalowesha ng'ombe wote, kuanzia ndani ya masikio hadi chini ya mkia, nunua dawa nyingine kabla ya kuwaingiza zizini.