Kuikagua Tanzanaiti Ghafi Kabla ya Kuikata
Osha jiwe lako la Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanaiti nchini Tanzania, likaushe, kisha ulizungushe polepole mbele ya tochi, kwa kuwa tanzanaiti huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, na mkataji atalazimika kuchagua rangi ya kuelekeza juu. Ukahawia usikukatishe tamaa, maana jiwe likichomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 500 hadi 600 hivi hugeuka buluu. Ufa ndio wa kuogopwa: ukiona ndani mstari unaometa kama kioo, liache, kwani tanzanaiti hupasuka kwa urahisi. Vidoa vya pembeni havina neno, vitasagwa. Gramu 1 ni karati 5 (karati ni kipimo cha uzito wa vito), lakini jiwe likikatwa sehemu kubwa huishia vumbi. Kipande chembamba, hata kiwe na rangi nzuri, mimi nisingekikata.