Futa jeli kabla haijakauka

Mgonjwa akimaliza tu kupimwa, gandisha picha, kisha futa jeli yote kwenye probu ya ultrasaundi (kifaa cha mkononi kinachopitishwa mwilini) kwa kitambaa laini. Jeli iliyokauka huficha vijidudu, na dawa ya kuua vijidudu haipenyi. Wengi hukimbilia spiriti, lakini kwa probu nyingi hukausha mpira wa lenzi, yaani uso wa probu unaogusa ngozi, hadi upasuke. Tumia dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine, kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Probu ya ukeni huhitaji dawa ya kiwango cha juu baada ya kila mgonjwa, hata kama ilivalishwa kondomu, kwa sababu kondomu hutoboka. Otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto, usiithubutu: joto huharibu fuwele za ndani. Ukiona mstari mweusi usiohama unaoshuka kwenye picha, kagua kebo. Huenda imekanyagwa na magurudumu ya mashine yenyewe.