Tafuta jina VIAF kabla ya kuliingiza kwenye katalogi

Wenzangu mnaoorodhesha vitabu kwenye Koha, programu ya maktaba, hapa Dodoma, msichape jina la mwandishi kama lilivyo kwenye jalada kabla ya kulitafuta VIAF (viaf.org), ambako majina sanifu ya maktaba za taifa mbalimbali yameunganishwa. Chagua umbo moja, mathalani Nyerere, Julius K., 1922-1999, liweke sehemu ya 100 (ya jina kuu) katika rekodi ya jina; maumbo mengine kama J. K. Nyerere na Mwalimu Nyerere yaende sehemu za 400 (za majina mbadala). Msomaji akitafuta umbo lolote kati ya hayo kwenye orodha ya majina sanifu ya Koha ataelekezwa kwenye vitabu vyote. Kwa mada, sehemu hizo ni 150 na 450, na hapa ndipo kwetu pana kazi kubwa: Kigogo, Cigogo, Chigogo na Gogo ni lugha ileile, inauma kuona vitabu vyake vichache vimetawanyika mara nne. Hila hii haifanyi kazi kama rekodi ya kitabu haijaunganishwa na ile ya jina. Pia VIAF mara nyingi haina mwandishi wa Kongwa au Mpwapwa mwenye kijitabu kimoja. Huyo mtengenezee rekodi mwenyewe, na mwulize mwaka wa kuzaliwa, maana majina hufanana.